Methadoni si "unga wa serikali"

Methadoni ni dawa ya kunywa wanayopewa waraibu wa heroini, yaani unga. Mitaani Dar es Salaam utasikia: "Methadoni ni kumtoa mtu kwenye unga wa pusha na kumtia kwenye unga wa serikali." Kauli hiyo husemwa hata na wazazi wenye uchungu, na inaweza kumkatisha kijana dozi.

Methadoni na heroini ni za jamii moja, hilo ni kweli. Tofauti ni mwendo wake mwilini. Heroini hupanda ghafla na kuisha baada ya saa chache, kisha arosto inabisha hodi: miayo, makamasi, kuhara, mifupa kuuma, na mtu yuko tayari kuiba apate kete nyingine. Methadoni hupanda polepole na kudumu takribani siku nzima. Dozi ikishakaa sawa, mtu halewi wala haumwi arosto. Anakunywa kikombe chake mbele ya mhudumu, anakwenda kazini. Sindano za kuchangia anaweza kuachana nazo, na hatari ya VVU na homa ya ini inapungua. Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011.

Wengine husema: "Basi afungiwe ndani wiki mbili." Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Arosto itapita, ila kiu inabaki, na mwili unapoteza ustahimilivu wake kwa heroini. Akirudia kipimo cha zamani, pumzi inaweza kukata.

Wapo waliopona kupitia soba hausi, nyumba wanakokaa waraibu ili waache, nawaheshimu sana. Lakini aliye kwenye methadoni asiharakishwe: dozi hupunguzwa kidogo kidogo na daktari, mgonjwa mwenyewe akiwa tayari.