Utabiri wa ubora wa hewa: hewa ya kesho itakuwa imebeba nini?

Redio ikitangaza kwamba kesho kusi itavuma kwa nguvu na mawimbi yatafika mita mbili, mvuvi wa Msanga Mkuu, mkoani Mtwara, anajua kama atatoka au atabaki kushona nyavu. Huo ni utabiri wa hali ya hewa: unaeleza hewa itakwendaje. Utabiri wa ubora wa hewa unajibu swali jingine, yaani hewa hiyo itakuwa imebeba nini wakati unaivuta. Kwa kuwa majina yanakaribiana, wengi huona ni kitu kimoja, na hapo ndipo tunapokosa habari ambayo mgonjwa wa pumu angeihitaji sana usiku wa kuamkia siku mbaya.

Hewa hubeba vumbi, moshi, gesi, hata chumvi ya bahari. Kinachoogopwa zaidi na madaktari ni chembe ziitwazo PM2.5, zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5. Unywele wa kichwani una unene wa maikromita 50 hadi 70 hivi. Vumbi nene la barabarani hukwama puani, ukapiga chafya likatoka. Chembe hizi hupita kooni, zikafika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zikaingia kwenye damu. Ndiyo maana madhara yake hayaishii kwenye kikohozi: yamo kiharusi, ugonjwa wa moyo, nimonia ya watoto wadogo na watoto kuzaliwa na uzito pungufu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikaza kamba: wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo ya hewa, wakati awali ilikuwa 25.

Mtu anaweza kuuliza, si tununue tu vifaa vya kupimia? Tuvinunue, lakini kifaa kinasema hewa ikoje sasa hivi, na wewe umeshaivuta. Anayetabiri hutazama mbele, na hutaka kujua mambo matatu: uchafu unatoka wapi, upepo utaupeleka wapi, na je, utapata nafasi ya kupanda juu na kutawanyika?

Hilo la tatu ndilo gumu kuliona kwa macho, ingawa wakulima wa korosho wa Tandahimba na Newala wanalifanyia kazi kila mwaka. Mikorosho ikichanua wakati wa kipupwe, salfa ya unga hupulizwa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa unaoshambulia maua hayo. Wapulizaji huamka alfajiri, maua yakiwa bado na umande na upepo umetulia, ili unga usipeperuke bali utue kwenye maua. Utulivu huo una sababu. Usiku ardhi hupoa haraka. Hewa iliyoigusa nayo hupoa, ikawa nzito, ikalala chini, na hewa yenye joto zaidi ikakaa juu yake kama kawa juu ya sinia la chakula. Chochote kilicho chini ya kawa hilo, kiwe salfa, moshi wa kuni au vumbi la malori, hakina pa kwenda mpaka jua lipande na ardhi ishike moto. Kwa hiyo saa iliyo bora kwa ua la mkorosho ndiyo saa mbaya kwa kifua cha mtoto aliyelala katika nyumba iliyozungukwa na mikorosho. Salfa huwasha macho na hubana pumzi, na mwenye pumu huumia zaidi.

Kawa likikataa kufunuka, watu hufa. Mjini London, Desemba 1952, lilikaa siku tano juu ya moshi wa makaa ya mawe, na hesabu za mwanzo zilitaja vifo 4,000 hivi.

Siku hizi kompyuta huunganisha mambo hayo matatu. Setilaiti huona mioto, vituo hupima upepo na joto, hesabu zikafuata. Mradi wa Ulaya uitwao Copernicus hutoa bure utabiri wa dunia nzima wa siku tano mbele. Matokeo mara nyingi huonyeshwa kwa rangi: kijani ni hewa safi, njano ni ya wastani, rangi ya chungwa ni onyo kwa watoto, wazee, wajawazito na wenye pumu au moyo, nyekundu ni kwa kila mtu. Ukiona rangi ya chungwa, weka pampu ya pumu karibu na ahirisha mbio za watoto shuleni. Kitambaa cha kufunga puani huzuia vumbi nene tu. Chembe ndogo hupita.

Lakini utabiri huo wa dunia hugawa ramani katika miraba ya kilomita 40 hivi kila upande. Mraba mmoja unaweza kumeza Mtwara mjini, Mikindani na vijiji kadhaa kwa pamoja. Utabiri huo utaona moshi wa mioto mikubwa unaosukumwa na kusi kutoka ng'ambo ya Mto Ruvuma. Hautaona salfa ya shamba moja. Kwangu mimi hilo ndilo pengo la kuzibwa kwanza, na sehemu yake haingoji mashine. Mpulizaji anajua tangu jioni kwamba kesho alfajiri atawasha bomba, na upande gani wa kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji akilitangaza hilo kabla ya watu kulala, mama atafunika mtungi wa maji, ataingiza vyombo vilivyo uanjani, atafunga dirisha la upande wa mashamba, na mtoto mwenye pumu hatatumwa kisimani mpaka jua liwe limepanda.