Waziri kukuudhi si ushahidi kwamba ni pambo

Nimeambiwa tena wiki hii na nimechoka. Nafundisha siasa, teuzi za mawaziri wa Uingereza nimezifuatilia miaka mingi, na kila nikiongea mahali lazima mtu ainuke aseme, "Mwalimu, akina Sunak na Braverman si walikuwa pambo tu, Wazungu wamewatanguliza ili wao wajifiche nyuma?" Rishi Sunak alikuwa waziri mkuu na Suella Braverman waziri wa Mambo ya Ndani, wote wa chama cha Conservative. Ukimuuliza, na David Lammy, mwanasiasa mweusi wa chama cha Labour, je, anakwambia aa, Lammy ni mwenzetu. Mwenzetu kwa lipi? Kwamba yeye ni Labour na anasema unayopenda kuyasikia. Sasa hapo hatuongelei pambo tena, tunaongelea nani unakubaliana naye.

Pambo ni suala la aliyeteua na alichompa mtu, sio la mawazo yaliyomo kichwani mwa aliyeteuliwa. Pambo anapewa cheo kisicho na fungu, maamuzi yanapitishwa yeye hayupo, anaitwa siku ya picha, na akiondoka hakuna anayegundua. Haya, mchukue Kwasi Kwarteng. Septemba 2022 waziri mkuu Liz Truss alimpa Hazina, James Cleverly Mambo ya Nje, Suella Braverman Mambo ya Ndani, ikawa mara ya kwanza kwa nchi ile vyeo vinne vya juu kukosa mwanaume wa Kizungu hata mmoja. Tarehe 23 mwezi huohuo Kwarteng akasoma bajeti yake ndogo, pauni ikaporomoka, riba za mikopo ya nyumba zikapanda, Benki Kuu ikalazimika kuingia kuokoa mifuko ya pensheni, na akafukuzwa akiwa na siku 38 tu kwenye cheo. Mwite mzembe, hata mimi naona alikosea vibaya sana, lakini mtu asiye na madaraka hawezi kufanya vile.

Siku chache baada ya ile bajeti mbunge wa Labour, Rupa Huq, akasema pembeni ya mkutano wa chama chao Liverpool kwamba Kwarteng ni mweusi wa juujuu tu, ukimsikia redioni huwezi kujua kama ni mweusi. Chama kilimsimamisha na aliomba radhi. Familia ya Huq mwenyewe ina asili ya Bangladesh, na ndo maana kauli ile iliniuma zaidi, maana kwani mweusi anatakiwa asikike vipi? Kwarteng kasoma Eton, shule ya wakubwa, na Cambridge, anaongea kama watu wa Eton. Kama hoja yako ni kwamba sura zimebadilika ila shule ni zilezile, nakubali kabisa, Sunak naye ni Winchester na Oxford, lakini basi sema tabaka, usimvue mtu rangi yake.

Kinachonikera kuliko vyote ni kwamba sisi wa huku Afrika Mashariki ndo tungepaswa kuwa wa mwisho kushangaa. Baba yake Sunak kazaliwa Kenya, mama Tanganyika. Baba yake Braverman aliondoka Kenya, wazazi wa Priti Patel, naye aliyekuwa waziri wa Mambo ya Ndani, waliondoka Uganda miaka ya 60. Wahindi wa Kenya wenye paspoti za Uingereza walipoanza kuondoka kwa wingi, nani aliwafungia mlango? Serikali ya Harold Wilson, Labour, kwa sheria iliyopitishwa harakaharaka ndani ya siku chache na kuanza kazi Machi 1968. Na Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 mwaka 1972, waliopokewa walikuwa kama 28,000, na serikali ilikuwa ya Edward Heath, Conservative. Sisemi Conservative ni malaika, Enoch Powell alikuwa mtu wao na hotuba yake ya Birmingham ya kupinga wahamiaji ni ya Aprili mwaka uleule wa 1968, ingawa Heath alimtimua. Nachosema ni kwamba familia yenye duka, mama anauza dawa Southampton kama mama yake Sunak, inayotaka kodi ndogo na shule nzuri, na inayokumbuka mlango upi ulifungwa na upi ulifunguliwa, ina sababu zake yenyewe za kuwa upande ule. Hakuna Mzungu aliyehitaji kuwashika mkono.

Na wa upande wa pili, mashabiki wa Conservative, nao wasishangilie. Wanasema wao wanaangalia uwezo tu. Sio kweli. David Cameron alipochukua chama Desemba 2005 aliagiza orodha ya wagombea wa kupewa kipaumbele, wanawake na watu wa asili nyingine wakiwemo, Patel alikuwemo, akaingia bungeni 2010. Mlango ulifunguliwa kwa makusudi, na ni vizuri ulifunguliwa, ila leo watu wa chama hichohicho wakiona juhudi kama hiyo kwingine wanaiita tusi. Halafu Machi 2024 ikaripotiwa kwamba mfadhili wao mkubwa, Frank Hester, alisema kumwona Diane Abbott, mbunge mweusi, kunakufanya utake kuwachukia wanawake weusi wote. Ofisi ya Sunak ilizungukazunguka karibu siku nzima ndo ikakubali kwamba huo ni ubaguzi, na pauni milioni 10 hazikurudishwa.

Kuna sehemu kipimo changu kinakwama na sipendi kuificha. Patel alisaini mkataba wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda, Kigali, Aprili 2022, na Braverman akaushikilia kwa nguvu zote mpaka alipofukuzwa Novemba 2023, mwezi uleule Mahakama ya Juu iliposema mpango huo ni haramu. Walikuwa na madaraka kamili, hawakuwa pambo. Lakini je, mwanaume wa Kizungu angeweza kuyasema yale bila kuitwa mbaguzi? Mtu anaweza kuwa na rungu mkononi na wakati huohuo akawa ngao ya mwingine, na mimi sijapata namna ya kuvitenganisha hivi viwili ambayo inaniridhisha.

Sasa Septemba 2025 Mambo ya Ndani alipewa Shabana Mahmood, Labour, wazazi asili yao Kashmir, na Novemba alitangaza mkimbizi asubiri miaka 20 badala ya 5 kupata ukaazi wa kudumu. Waliomwita Braverman pambo naomba waniambie huyu wanamwitaje, na kwa nini.