Pa kuanzia kuvua besi kwa flai (chambo bandia cha manyoya) ukiwa umesimama mtoni: Potomac na Monocacy

Kila mwaka ikikaribia Juni meseji zinaanza kuingia, "kaka hebu nielekeze samaki wako wapi", na mimi kabla sijajibu nauliza langu kwanza: ukiteleza, maji yatakupeleka wapi? Manake huku Maryland, Marekani, samaki anayeitwa besi mdomo mdogo (smallmouth bass) yuko karibu kila mto wenye mawe, utampata tu, kazi kubwa ni kumpatia anayeanza mahali pa kusimama.

Mimi nimekulia Nyeri, kule tumezoea trauti wa Gura na Thego, maji yanauma mifupa. Besi yeye anapenda maji ya uvuguvugu, kwa hiyo Julai na Agosti unaingia na kaptura na viatu vinavyoshika, yale masuruali ya mpira unayaacha nyumbani. Na ujue Potomac si kwao kwa asili, waliletwa 1854 na treni ya kampuni ya reli ya B&O wakiwa ndani ya tangi la maji la injini, wakaachiwa mjini Cumberland, wakazaana mto mzima.

Kutafuta mahali naanzia kwenye simu. Nafungua ramani ya setilaiti naangalia pale mto umetanuka na maji yanaonekana meupe meupe, hapo kwa kawaida maji hayana kina na yanapita juu ya mawe. Halafu naingia tovuti ya USGS, idara ya serikali ya Marekani inayopima mito, nasoma kipimo cha Point of Rocks, ambacho kinapima Potomac tangu 1895. Kikizidi futi za ujazo 2,500 kwa sekunde mgeni simwingizi Potomac, hata kama jua linawaka na ameomba ruhusa kazini, kwa sababu mvua inaweza kupiga kule juu milimani West Virginia na wewe huku hujaona hata wingu, kesho yake mto unapanda.

Nikifika ukingoni naokota kijiti, nakirusha majini, natembea nacho sambamba. Kikiniacha nyuma, hayo maji ni ya mbio kwa mtu anayejifunza. Kisha naangalia chini ya hapo kuna nini: nataka dimbwi tulivu na ukingo ambao mtu anaweza kupanda, na sitaki kabisa mti ulioangukia majini, maji yanapenya kwenye matawi lakini mtu anakwama. Zile kuta fupi za zamani zilizojengwa kukatiza mto kaa nazo mbali, juu yake na chini yake, maji yakishaanguka pale yanajizungusha na kumvuta mtu arudi chini tena na tena. Na Great Falls, yale maporomoko ya Potomac, usijaribu, kwenye ile bustani ya upande wa Virginia kuingia majini ni marufuku.

Mwaka juzi nilimpeleka jamaa mmoja mahali nilipopapenda kwa ajili ya samaki, mwamba umelala kama ngazi na katikati ya ngazi kuna mashimo. Akapiga hatua moja tu, maji yakatoka kwenye goti yakafika kifuani. Nilimdaka kwa mkanda wa begi. Alitoka mzima lakini mikono ilimtetemeka mpaka tukafika kwenye gari, na tangu siku ile ngazi za mwamba ni za waliozoea. Anayeanza namtafutia changarawe, maji ya magotini, awe anaviona viatu vyake muda wote, akiacha kuviona anarudi alikotoka.

Ndio maana Monocacy naupenda sana kwa wageni, ni mdogo, uko hapo mji wa Frederick, ila mvua ikinyesha unachafuka haraka manake mashamba yamejaa pembeni, upe siku mbili tatu. Pale Monocacy unapomwagika Potomac kuna lile daraja la mawe lililovusha mfereji wa zamani wa mashua, matao 7, lilimalizika 1833, na kutoka hapo njia ya mfereji wa C&O inafuata mto, maili 184.5 kutoka Georgetown hadi Cumberland, ardhi ya umma, hubishi hodi kwa mtu. Kwenye shamba la mtu omba ruhusa.

Ukishasimama, geuza jiwe moja la ukubwa wa sahani. Utaona kreifishi, mdudu wa majini kama kamba mdogo mwenye magando, anakimbia kinyumenyume kwa kupiga mkia, rangi ya tope lenye ukijani. Hicho ndicho chakula cha besi, kwa hiyo funga flai ya Woolly Bugger ya rangi hiyohiyo, au ile ya Clouser Minnow, ambayo mvuvi Bob Clouser aliitengeneza kwa ajili ya besi hawahawa wa mto Susquehanna. Fimbo namba 6 ya futi 9 inatosha. Tupa pale maji ya kasi yanapoishia na kuanza kutulia, pembeni ya jiwe kubwa.

Viatu nunua vya soli ya mpira, soli ya felti (kitambaa kizito cha sufi) Maryland wameipiga marufuku tangu 2011. Leseni kata mapema. Na ukitoka Mei au mwanzo wa Juni, ukiona chini ya maji duara la changarawe safi kama sinia iliyosuguliwa, zunguka mbali usilikanyage, dume yuko palepale analinda mayai.