Kisiwa hakijahama, nyinyi ndio mmechelewa

Jana usiku dada mmoja wa Arusha alinipigia. Anakuja Ushongo, ufukwe wetu wa Pangani, na mumewe, watoto watatu na bibi yao, vyumba wameshalipia. "Kaka nahodha, Jumamosi tunataka Maziwe. Tutakula kwanza, tupumzike, tutoke kama saa nane hivi, jua limepoa." Nikamuuliza Jumamosi hiyo itakuwa mwezi ngapi. "Si wa kumi na moja huu, kaka?"

Hapo ndipo nilipoamua kuandika. Mwaka huu peke yake nimeshasikia hii hadithi ya "saa nane hivi" mara nyingi kuliko nilivyobadilisha plagi za injini.

Dada, sikukuulizia kalenda ya ukutani. Nilikuulizia mwezi ulioko juu, una siku ngapi tangu uandame. Maziwe ni fungu la mchanga, halina mti wala jiwe la kukalia. Zamani palikuwa kisiwa kweli. Ilipotangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975 ilikuwa na mivinje, na kasa walikuwa wakipanda kutaga chini ya kivuli chake. Bahari ikala mchanga, miti ikaanguka, na kufikia miaka ya 1980 pakabaki fungu tupu. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likijaa, maji yanapita juu. Picha mnazoziona mtandaoni, mchanga mweupe na mwavuli katikati ya bahari, zimepigwa maji yamekupwa, yaani yameshuka. Mpiga picha hakuandika saa.

Wiki kadhaa zilizopita nilichukua familia kutoka Dar, mwezi 15. Niliwaambia saa mbili asubuhi tuwe tumeshang'oa nanga. Wakatokea saa saba, na pilau kwenye hotpoti. Nikakataa, wakasisitiza, na mimi nikafanya kosa langu: nikakubali. Ni kama kilomita 8 kutoka ufukweni. Tulipofika, injini naizima, baba mwenye safari kasimama mbele ya boti, mkono juu ya macho, ananiuliza, "Kiko wapi?" Nikamwonesha mahali maji yalipokuwa na rangi ya kijani kibichi. Mtoto wake wa kiume akacheka mpaka akakaa chini. Pilau tulilila kwenye boti, mawimbi yanatusukasuka, na shangazi mmoja akalirudisha lote baharini.

Hesabu yenyewe babu zetu waliijua bila simu. Pwani yetu hii, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanajaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na yanakupwa karibu na saa nne asubuhi. Kila siku yanasogea mbele dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja yamegeuka: yanajaa saa nne, yanakupwa saa kumi. Ndiyo maana kukariri kwamba "asubuhi ndiyo vizuri" ni ujinga uleule wa saa nane, umeamka mapema tu. Na bamvua kubwa kabisa haliji usiku wa mwezi kumi na nne wenyewe, huja siku moja au mbili baadaye.

Sasa niingie kwenye kinachoniudhi zaidi, maana hapa hata wenyeji wa Tanga mjini wanakosea. Mtu akishaelewa kupwa na kujaa, anadhani kazi imekwisha: maji yakikupwa sana ndiyo samaki wataonekana sana. Sivyo! Mchanga na samaki ni safari mbili tofauti, na mara nyingi inabidi uchague.

Bamvua ni maji mengi yanayotoka na kuingia ndani ya saa sita zilezile. Tofauti ya kupwa na kujaa inapita mita 3. Maji mafu, yale madogo ya katikati ya bamvua na bamvua, ni kama mita moja na kidogo. Sasa fikiria ujazo wote huo unapita kandokando ya mwamba. Wala haupiti kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya maji kugeuka yanasogea polepole, ya pili yanaanza kukaza, saa ya tatu na ya nne yanakimbia: nusu ya maji yote hupita ndani ya saa hizo mbili. Ukimtupa majini mtoto wa miaka tisa saa ya tatu ya bamvua, na miwani yake mpya na mapezi yaliyomzidi, hatazami samaki huyo. Anapigana. Nimemwona mtu mzima mwenye kifua kama mlango, anapiga miguu dakika kumi, akiinua kichwa boti iko mbali kuliko alipoanzia. Jaketi okozi litakuzuia kuzama. Mkondo litakuachia upambane nao mwenyewe.

Tena bamvua linakoroga mchanga. Kwa hiyo siku ambayo fungu limejitandaza pana kama uwanja wa mpira, ndiyo siku ambayo ndani ya maji unaweza usione mbali. Na maji yakipwa mno, matumbawe yanakuwa karibu na tumbo lako, mgeni anaogopa, anasimama. Anasimama juu ya kiumbe hai! Tumbawe alilovunja kwa kisigino ndani ya sekunde moja limechukua miaka kukua. Na kama amekosea zaidi amekanyaga wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu kama nungunungu, basi safari ya familia imegeuka zahanati.

Siku za maji mafu, mwezi 7, 8, 9, au 21 mpaka 23, mchanga unakuwa kipande kidogo, picha hazivutii, lakini bahari imetulia. Unaelea tu. Samaki pono unamsikia kabla hujamwona: kra, kra, kra, anatafuna mwamba kwa mdomo wake wa kasuku. Mfuate kidogo. Ghafla nyuma yake linashuka wingu la unga mweupe. Huo ni mchanga. Mwamba ameutafuna, mwani ameula, uliobaki ameutoa. Watoto nikiwaambia kwamba sehemu ya mchanga waliokuwa wakijimwagia kichwani ni kinyesi cha pono, safari imelipa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wanaovaa mrija wa kupumulia majini kwa mara ya kwanza ni maji mafu. Nakiri hata hivyo: baadhi ya siku zangu safi kabisa chini ya maji zilikuwa za bamvua, nusu saa baada ya maji kugeuka kuanza kujaa, maji ya bahari kuu yanaingia kama kioo. Maji yanayoingia huwa masafi kuliko yanayotoka. Lakini nimeshaahidi watu nusu saa hiyo, tukashuka, tukakuta uji. Siku hizi siahidi, nachungulia kwanza mwenyewe.

Mengine kwa haraka. Miwani ikiota ukungu, tema mate ndani, sugua, suuza, acheni kinyaa. Wenye masharubu, pakeni mafuta ya mgando, la sivyo maji yataingia. Mtoto afundishwe mrija akiwa amesimama kwenye mchanga, maji ya magoti, mpaka aache kupumulia pua. Vaeni fulana badala ya kujipaka losheni kila mahali. Masika msije kabisa kwa ajili ya samaki, mto Pangani unamwaga chai ya maziwa. Upepo wa kusi ukivuma, mtalowa. Kaskazi ikitulia, au matlai, hapo sawa.

Na wanyama. "Kasa watakuwepo?" Sijui mnadhani nawafuga. Kasa hupanda usiku, na akikuta tochi za simu na kelele anageuka anarudi alikotoka. Mayai yaliyotagwa Maziwe yangezama na bamvua, kwa hiyo wahifadhi wa kijiji huyahamishia Ushongo, yanakaa kama miezi miwili, halafu vitoto vinatoka. Ukibahatika kuwapo, kaa nyuma ya kamba, usikiokote chochote ukipeleke majini "kukisaidia". Hapo nina shaka na mimi mwenyewe: wageni wanaokuja kutazama wanaleta fedha za kulinda viota, lakini kila nikiona watu thelathini wamepanga mstari kutazama vitoto vya urefu wa kidole, moyo hautulii.

Saadani vilevile. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, inagusa bahari, na tembo wameshaonekana ufukweni, ndiyo. Lakini asilimia kubwa ya wanaokwenda kwa ajili ya picha hiyo wanarudi na picha za nyani. Nendeni mto Wami kwa boti, viboko na mamba hawana maringo. Na hata huko, muulizeni nahodha maji yanakupwa saa ngapi.

Nikarudi kwa dada wa Arusha. Jumamosi yake ni mwezi 15. Nikampa mawili: siku hiyohiyo, ila saa mbili asubuhi tuwe majini, watoto wacheze mchangani na kuogelea iwe dakika chache maji yakiwa yamesimama. Au asubiri Jumamosi inayofuata, mwezi 22, samaki tele na mchanga kidogo.

Akanyamaza. Nikasikia anawaeleza wenzake pembeni. Kisha akarudi kwenye simu: "Kaka, sasa kama kisiwa kitakuwa kidogo, na bei si itapungua?"