Habari ikitoka Mbeya, masahihisho yaifuate

Gazeti la mtandaoni la mkoa likiwa ndani ya mtandao mpana wa habari, mtandao huo hulibebea mengi: seva, mwanasheria, matangazo. Tatizo linalotufikia mara kwa mara sisi tunaofundisha waandishi ni habari kuandikwa Nyanda za Juu Kusini, kuhaririwa Dar es Salaam, kisha kurudi kwa wenyewe imepinda.

Chukua bei ya viazi mviringo. Mwandishi aliyeko Uyole anaandika kwamba lumbesa imeuzwa bei fulani. Makao makuu mhariri anaona neno hilo la mtaani, anaweka "gunia". Msomaji wa Temeke hashtuki. Mkulima wa Makete anashtuka, kwa sababu lumbesa hujazwa kupita mdomo wa gunia na kushonewa kilemba juu, na ufungashaji huo umekatazwa kisheria. Bei imepotoshwa, na kosa la mnunuzi, ambalo huenda ndilo lililokuwa habari yenyewe, limefutika. Hali ni hiyo hiyo kwa Tunduma: iko Mkoa wa Songwe tangu 2016, lakini bado utakuta vichwa vya habari vinaiweka Mbeya.

Kwa hiyo mgawanyo wa kazi uandikwe mapema. Majina ya mahali, vipimo na vyeo vya viongozi, neno la mwisho liwe la mhariri wa mkoa. Kashfa, picha za majeruhi na habari za watoto, makao makuu yaamue. Huko ndiko aliko mwanasheria. Kichwa cha habari kikibadilishwa, mwandishi apigiwe simu kwanza. Dakika mbili zinatosha.

Jambo linalosahaulika ni nakala. Habari ikinakiliwa kwa mkono kutoka ukurasa wa mkoa kwenda wa taifa, kosa likirekebishwa Iringa linabaki Dar es Salaam. Bora habari ikae kwenye hifadhi moja na kurasa zote ziisome humo. Hilo likishindikana, mafundi waweke kwenye kila nakala alama ya kuionyesha Google ukurasa ulio chanzo, la sivyo tovuti kubwa inaweza kutangulia kwenye matokeo na gazeti la mkoa likakosa wasomaji wa habari yake lenyewe. Masahihisho yenyewe yaonekane: tarehe, kilichokosewa, kilicho sahihi. Kufuta kimyakimya hakusaidii. Picha ya skrini ilishasambaa WhatsApp.

Leseni nayo isipuuzwe. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020 zinamtaka anayetoa habari mtandaoni awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kabla ya kufungua tovuti ya mkoa kwa jina jipya, ulizeni kama leseni ya kampuni mama inaihusu. Ofisi ya kanda ya TCRA iko Mbeya.

Na mwandishi wa wilayani anayelipwa kwa habari moja moja? Habari yake ikipanda ukurasa wa taifa, jina lake lipande nayo, na malipo pia. Nauli ya kwenda Chunya na kurudi haitoki kwenye sifa.