Dashibodi ya magonjwa: tazama vizuri mwisho wa mstari

Tuchukue dashibodi, yaani skrini ya takwimu, yenye grafu ya wagonjwa wa surua inayoonyesha wiki tatu za mwisho: 66, 51, 28. Kwa macho, mlipuko unaisha. Anayeitazama Jumatatu asubuhi kabla ya kikao anaweza kuamua timu ya chanjo ihamishiwe kwingine. Sasa tuseme kumbukumbu za miezi iliyopita zinaonyesha kwamba wiki inapofungwa, mfumo huwa umepokea asilimia 40 tu ya watu walioanza kuugua wiki hiyo. Wiki moja baadaye huwa wamefika asilimia 75, na wiki mbili baadaye asilimia 95. Gawanya kila namba kwa sehemu yake: 28 kwa 0.40 ni 70, 51 kwa 0.75 ni 68, 66 kwa 0.95 ni kama 69. Ugonjwa uko palepale. Zilizopungua ni fomu zilizokwisha kufika.

Kosa hili linanitia wasiwasi kuliko mengine yote katika dashibodi za afya ya jamii, kwa sababu halina sura ya kosa. Hesabu ni sahihi, grafu inapendeza, na kila ukiifungua mwisho wa mstari unainama, hata siku ambazo ugonjwa unapanda. Kwa hiyo kabla ya kuchagua rangi au programu, anayeunda dashibodi ahakikishe kila namba inaonekana pamoja na kiasi cha taarifa kilichoizaa.

Kazi inaanzia kwenye jedwali la msingi. Liwe na tarehe tatu kwa kila mgonjwa: ya kuanza dalili, ya kufika kituoni, na ya taarifa yake kuingia kwenye mfumo. Hiyo ya tatu ndiyo hupotea, maana mifumo mingi huiandika upya kila rekodi inapohaririwa, na bila hiyo huwezi kujua taarifa zinachelewa kiasi gani. Kama mfumo wako hauitunzi, chukua nakala ya data nzima kila siku saa ileile na uihifadhi ikiwa na tarehe yake. Baada ya wiki 12 hivi utaweza kujenga jedwali la ucheleweshaji: kila safu mlalo ni wiki ya kuanza kuugua, kila safu wima ni idadi ya wiki zilizopita tangu hapo, na ndani ya kila kisanduku mna sehemu ya wagonjwa waliokuwa wamekwisha kuripotiwa.

Makadirio yanayotoka humo usiyachore kama mstari mmoja wa uhakika. Ile asilimia 40 huyumba. Ikiwa wiki nyingine huwa 30 na nyingine 50, basi wale wagonjwa 28 wanaweza kuwa 56 au wanaweza kuwa 93. Chora utepe uliofifia kati ya namba hizo mbili, pau za waliokwisha kuhesabiwa zikolee, na nyuma ya wiki mbili za mwisho weka kijivu chenye maneno "taarifa bado zinaingia". Maneno hayo yakae ndani ya grafu. Ukiyapeleka chini ya ukurasa hayatasomwa, na picha ya skrini itakayosambazwa kwenye simu haitakuwa nayo. Wapo wanaoamua kuzikata kabisa wiki hizo mbili. Ni bora kuliko kudanganya, lakini kwa kipindupindu, ambacho dalili zake hujitokeza kati ya saa 12 na siku 5 baada ya mtu kula au kunywa kitu chenye vimelea, kukaa wiki mbili bila kuona kitu ni kuchelewa mno.

Kisanduku kitupu nacho huleta balaa ileile. Kituo kilichoandika 0 kimesema: tumeangalia, hatukumwona mgonjwa. Kituo ambacho hakikutuma kitu hakijasema lolote. Programu nyingi za grafu zikikuta pengo hulichora kama sifuri, au huvuta mstari kuunganisha nukta za pande mbili kana kwamba katikati mlikuwa na taarifa. Acha pengo lionekane. Kwenye ramani, eneo lisilo na taarifa lipewe mistari ya mshazari. Usilipe rangi hafifu kuliko zote, kwani hiyo tayari ina maana ya "wagonjwa wachache". Mnaotumia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya, kuna jambo la kukagua: kwa kawaida haihifadhi sifuri mpaka kipengele husika cha data kiwekewe ruhusa ya kuzihifadhi. Ruhusa hiyo isipowekwa, mhudumu aliyeandika 0 kwa uaminifu kila wiki na yule ambaye hakuandika kitu wanafanana kabisa kwenye data. Kwa ugonjwa kama ulemavu wa ghafla wa viungo, ambao unafuatiliwa kwa ajili ya polio, taarifa ya sifuri ndiyo ushahidi kwamba kuna mtu anaangalia.

Ndiyo maana kando ya kila grafu naweka ukamilifu wake kwa namba kamili: "vituo 47 kati ya 60". Asilimia peke yake haitoshi, maana 47 kati ya 60 inakusukuma kuuliza wale 13 ni akina nani, na jibu liwe umbali wa kubofya mara moja. Orodha ya vituo vinavyotarajiwa kuripoti isafishwe angalau kila robo mwaka. Kituo kilichofungwa kikibaki kwenye orodha, ukamilifu haufiki 100 kamwe na watu wanaacha kuujali. Kituo kipya kisipoongezwa, ukamilifu unaweza kuzidi 100. Unapolinganisha mwaka na mwaka, weka pia mstari wa pili wa vile vituo tu vilivyoripoti kipindi chote. Mistari miwili ikiachana, kilichobadilika huenda ni idadi ya wanaoripoti.

Hesabu za asilimia zina mitego yake. Wilaya moja imechanja asilimia 90 ya watoto 1,000, nyingine asilimia 50 ya watoto 9,000. Dashibodi inayochukua wastani wa asilimia hizo itaandika 70. Jibu sahihi ni watoto 5,400 kati ya 10,000, yaani 54. Kwa hiyo hifadhi kiasi (waliochanjwa) na asili (watoto wote) vikiwa vimetengana, jumlisha kila kimoja, kisha gawanya mwishoni, katika kila ngazi. Na uchanjaji ukitoka asilimia 118, usiukate uwe 100 ili skrini ionekane safi. Namba hiyo inakuambia makadirio ya idadi ya watoto ni ya chini, au watoto wa maeneo jirani wanachanjiwa hapo. Hapo ni bora kuonyesha pia kiwango cha wanaoacha njiani: waliopata dozi ya kwanza ya pentavalenti (chanjo ya magonjwa matano) ukitoa waliopata ya tatu, gawanya kwa wa kwanza. Hakihitaji makadirio ya idadi ya watu, na kikizidi asilimia 10 kuna jambo la kufuatilia.

Maeneo madogo yanapiga kelele nyingi kwenye ramani. Mgonjwa mmoja katika kata yenye watu 2,000 ni sawa na 50 kwa kila watu 100,000, na kata nzima itawaka nyekundu kwa ajili ya mtu mmoja. Jumlisha wiki nne, au onyesha ngazi ya juu yake, na daima uweke idadi halisi ya wagonjwa inayoonekana mtu akigusa eneo.

Kuhusu viwango vya tahadhari, kila ugonjwa una chake, na kutumia kanuni moja kwa yote ni uvivu unaogharimu maisha. Kipindupindu: mgonjwa mmoja aliyethibitishwa anatosha. Homa ya uti wa mgongo katika ukanda wake wa Afrika (kutoka Senegali hadi Ethiopia): kwa maeneo ya watu 30,000 hadi 100,000, Shirika la Afya Duniani liliweka 3 kwa kila 100,000 kwa wiki kuwa tahadhari na 10 kuwa mlipuko. Malaria hubadilika na misimu, kwa hiyo kila wiki hulinganishwa na wiki hiyohiyo ya miaka 5 iliyopita, na mara nyingi kizingiti cha tahadhari huwa ile namba ambayo robo tatu ya miaka hiyo iko chini yake. Hapo toa miaka yenye milipuko. Ukiiacha ndani inakiinua kizingiti, na mlipuko unaofuata unapita chini yake. Kila mstari wa kizingiti uandikwe hatua inayotakiwa na cheo cha anayepaswa kuichukua. Kama hakuna hatua inayofuata, futa mstari.

Mambo ya wiki yaamuliwe siku ya kwanza. Wiki za ISO (shirika la kimataifa la viwango) huanza Jumatatu, na wiki ya 1 ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka. Za CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, huanza Jumapili. Ukichanganya vyanzo viwili bila kujua, wagonjwa wa Jumapili wanahama wiki. Mwaka 2020 ulikuwa na wiki 53, na grafu nyingi zilizopangwa kwa nafasi 52 ziliitupa ya mwisho au kuibandika juu ya wiki ya 1.

Njiani kati ya kituo na skrini, hesabu mistari ya jedwali la data. Mwaka 2020 nchini Uingereza wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 walikosekana kwenye takwimu za kila siku kwa sababu faili za Excel za muundo wa zamani, zenye kikomo cha mistari 65,536, zilijaa na ziada ikaachwa kimyakimya. Kila hatua ya uhamishaji ilinganishe mistari iliyotoka na iliyoingia, isimame idadi hizo zisipolingana, na skrini iseme data ni ya lini.

Faragha inahitaji hesabu ya kutoa. Ukificha namba zilizo chini ya 5 lakini ukaacha jumla ya 12, na kata nyingine mbili zinaonyesha 5 na 6, umemtangaza yule mmoja aliyefichwa. Ficha kata ya pili pia, au ondoa jumla. Rangi: epuka jozi ya nyekundu na kijani, kwani baadhi ya watu, hasa wanaume, hawazitofautishi, tumia rangi moja inayokolea hatua kwa hatua, ngazi tano zinatosha.

Kabla ya kuizindua, tengeneza nakala ya majaribio na ufute taarifa za wiki moja za vituo 10. Usimwambie kitu mtu atakayeitumia. Mwombe aifungue na aseme anachokiona. Akisema "wagonjwa wamepungua", rudi kwenye grafu uifanyie kazi. Akisema "vituo 10 havijaripoti, niwapigie nani?", iweke hewani.