Shimo ambalo asubuhi halikuwepo

Waendesha mitambo hupita juu ya jukwaa lile lile mwaka mzima bila mtu kuanguka. Siku ya matengenezo mafundi wanainua kipande kimoja cha sakafu ya wavu wa chuma ili watoe pampu iliyo chini yake, na palipokuwa njia sasa ni shimo. Mimi hukagua usalama viwandani, na hapo ndipo ninapoanzia.

Aliyeinua kipande anajua shimo lilipo. Ninayemhofia zaidi ni mwenzake anayekuja kinyumenyume akivuta mota, au amebeba bomba begani na haoni miguu yake. Kibaya kuliko shimo wazi ni kipande kilichorudishwa bila vibano vyake. Kwa macho kimekaa sawasawa. Ukikanyaga ukingoni kinainuka upande wa pili, mnakwenda chini pamoja. Utepe wa rangi hauzuii mtu. Ni pambo tu.

Utaambiwa, "Lakini aliyeanguka alikuwa amevaa mkanda wa usalama, ule wa mabegani hadi mapajani." Haya, tupige hesabu. Kamba ya kawaida, inayounganisha mkanda na chuma ulipofungwa, ina mita 1.8. Kile kifurushi kilichoshonwa kwenye kamba hiyo cha kupunguza mshtuko kinaweza kufumuka kwa mita 1 na zaidi kidogo. Kutoka pete ya mgongoni, kamba inaposhikwa kwenye mkanda, hadi nyayo ni kama mita 1.5. Jumla inapita mita 4, na bado hujaweka akiba. Fundi aliyefunga kamba kwenye boriti iliyo usawa wa miguu, huku sakafu ya chini ikiwa mita 4, ataigonga kabla kamba haijamaliza kazi yake. Angefunga juu ya kichwa, hadithi ingekuwa nyingine. Na afunge kwenye chuma cha maana: Marekani hudai sehemu hiyo ihimili takriban kilonewtoni 22 kwa kila mtu, mzigo wa zaidi ya tani 2. Bomba la maji halimo.

Akinusurika, ananing'inia. Mikanda inabana mapaja, damu inakwama miguuni, na hali inaweza kuharibika ndani ya dakika chache. Kusubiri zimamoto si mpango wa uokoaji.

Kwa hiyo nikipewa kibali cha kazi nitie saini, nauliza: vizuizi vya chuma vinasimama saa ngapi? Nikijibiwa "tukishafungua", sitii. Vinasimama kabla bolti ya kwanza haijalegezwa, na vinaondoka baada ya kibano cha mwisho kukazwa, nami nimekishika kwa mkono.